Umetoka kung'arisha meno kliniki? Hivi ndivyo utakavyoyatunza hapa Mwanza

Karatasi ya masharti wanayopewa watu wengi baada ya kung'arishwa meno iliandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi mbali na huku. Inamkataza mvinyo mwekundu na mchuzi wa soya. Haisemi lolote kuhusu ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko, rosti ya sangara iliyokolea binzari, wala chai ya rangi ambayo wengi wetu tunaianza alfajiri na kuimaliza usiku. Mtu anarudi zake Igoma au Nyegezi, anakaa mbali na mvinyo ambao hata hivyo hanywi, halafu anashushia chapati kwa vikombe viwili vya chai.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, na mwongozo huu nimeuandika kwa kufuata vyakula vyetu na mazoea yetu ya huku Kanda ya Ziwa. Kabla ya kufika kwenye chakula, kuna jambo moja naomba ulishike, maana linawaponza watu kuliko chai: weupe unaouona kwenye kioo cha daktari siku ile sio weupe utakaobaki nao. Sehemu yake itaondoka ndani ya wiki mbili, na hiyo ni kawaida kabisa. Anayelijua hili hutulia. Asiyelijua hudhani ametapeliwa, akaanza kusugua meno kwa mkaa na ndimu, na hapo ndipo madhara ya kudumu yanapoanzia.

Hatua ya 1: Kabla hujashuka kwenye kiti, uliza

Mwambie daktari akuandikie rangi ya meno yako kabla na baada. Wengi hutumia kipimo chenye rangi 16, zinazoandikwa kwa herufi na namba kuanzia A1 hadi D4. Ukiwa na maandishi hayo mawili mkononi, baada ya mwezi hutabishana na kioo. Utajua kama rangi imerudi kweli au ni macho yako yamezoea. Piga na picha kwa simu, mchana, ukiwa karibu na dirisha. Taa za ndani hudanganya.

Uliza pia dawa iliyotumika na nguvu yake. Jeli za kliniki mara nyingi ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 25 hadi 40. Zile za kwenda nazo nyumbani na trei zake (kile kibebeo cha plastiki cha kuvalia juu ya meno) kwa kawaida ni kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, ambayo ni laini zaidi: ile ya asilimia 10 hutoa haidrojeni peroksaidi kama asilimia 3.5 tu. Kadiri dawa ilivyokuwa kali, ndivyo ganzi, yaani meno kukereka na kuuma yakiguswa na baridi au hewa, inavyoweza kuwa kubwa usiku wa kwanza, kwa hiyo ni vizuri ujue unachokwenda kukabiliana nacho.

Peroksaidi haikwangui jino. Hupenya kwenye enameli, yaani lile gamba gumu la nje, ikafika mpaka kwenye dentini iliyo chini yake, na humo huvunjavunja chembe zinazobeba rangi. Wakati huohuo jino hupoteza maji. Jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo, kama miamba yetu ya ufukweni: ikiwa mikavu inang'aa, wimbi likiipiga inarudi kwenye rangi yake. Mate yakishalilowesha jino tena kwa siku kadhaa, rangi inashuka kidogo na kutulia. Rangi yako ya kweli utaijua baada ya wiki mbili.

Hatua ya 2: Saa 48 za mwanzo, na sahani ya Mwanza

Jino likishang'arishwa, ule utando mwembamba wa mate unaolifunika huwa umeondoka. Huanza kujijenga upya ndani ya dakika chache, ila siku mbili za kwanza ndizo tunazomwambia kila mtu awe mwangalifu, kwa sababu uso wa jino bado haujatulia na ganzi bado ipo. Kanuni ni nyepesi: kitu kinachoweza kuacha doa kwenye shati jeupe, kiache kwa siku mbili. Na kitu kikali kwa uchachu, kiache hata kama hakina rangi.

Tuanze na asubuhi, maana ndipo wengi huteleza. Chai ya rangi na kahawa, hapana. Kahawa ya kijiweni ya vikombe vidogo, hapana, na ile ya kutafuna inayotoka Bukoba ndiyo kabisa, kwa sababu inakaa mdomoni muda mrefu ikigusana na meno. Kunywa maziwa ya uvuguvugu au uji mweupe wa sembe au wa mchele. Uji wa ulezi una rangi, uache kwanza. Mkate mweupe, chapati, maandazi na yai la kuchemsha havina neno.

Mchana kuna nafuu, kwa sababu sato ana nyama nyeupe na ugali wa sembe ni mweupe. Tatizo ni vinavyowekwa juu yake. Ukienda kula kwa mama ntilie, mwambie mapema: "Mama, naomba sato wa kuchemsha, usiweke nyanya wala binzari, na ndimu usinikamulie." Atakushangaa kidogo, atakupikia. Sato wa kukaanga naye anafaa kama hakupakwa binzari. Wengi humpaka ili apate rangi nzuri, kwa hiyo uliza kwanza. Ukiona mafuta yake ni ya njano kama dhahabu, umeshapata jibu. Rosti ya sangara, mchuzi wa dagaa wenye nyanya, pilau, biriani, mchuzi wa nazi uliotiwa manjano, vyote hivyo subiri. Binzari ya manjano naiogopa kuliko chai: nimeona trei ya plastiki iliyoshika manjano kwa mlo mmoja na haikutoka tena.

Pembeni ya ugali weka kabichi iliyokaangwa bila nyanya, au maziwa mgando. Wali mweupe sawa, ndizi mbivu sawa, viazi mviringo sawa. Viazi vitamu vyenye nyama nyeupe sawa. Viazi lishe vya rangi ya machungwa viache. Makande ya maharage mekundu yaache. Na ndugu zangu Wasukuma, michembe na matobolwa navyo mviweke kabatini kwa siku hizo mbili, zaidi kwa sababu ya ugumu wake kuliko rangi. Jino lenye ganzi halipendi kutafuna kitu kikavu.

Chips zinafaa, chips mayai pia, ila ile chupa nyekundu ya mezani isiguse sahani yako. Mishkaki bila pilipili ya nyanya, bila ndimu, bila kachumbari.

Kwenye vinywaji watu hujiokoa kwa soda nyeupe wakidhani haina madhara kwa kuwa haina rangi. Ina tindikali kama nyenzake. Juisi ya ukwaju, ya rozela, ya pasheni, ya zambarau, ya machungwa: zote zina rangi au uchachu, nyingi zina vyote viwili. Maji ya kawaida yasiyo ya baridi ndiyo rafiki yako. Maji ya kandoro, yale ya kwenye mfuko, yaliyoganda nusu yatakuumiza.

Ubuyu nimeutaja mwanzoni na naurudia. Ile rangi nyekundu inapakwa, na mtu humung'unya punje moja dakika nzima, akihamisha kutoka shavu hadi shavu. Ukitoa ulimi baadaye utaona mwenyewe. Ficha kifuko mbali na macho yako, na kama nyumbani kuna watoto, waombe wakalie nje.

Sigara na ugoro ningependa uviache moja kwa moja. Kama huwezi, angalau zipite siku hizo mbili.

Hatua ya 3: Ganzi na shoti

Wengi wanaong'arishwa meno hupata kiasi fulani cha ganzi. Kwa wengi inakuwa kali ndani ya saa 24 za mwanzo, inapungua siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki imekwisha. Inakuja namna mbili: ganzi ya kukereka pale unapogusa kitu baridi, na ile ya ghafla inayopita kama umeme bila kuguswa na chochote. Hii ya pili ndiyo inayowafanya watu wapige simu usiku.

"Dokta, meno yananipiga shoti, hata nikivuta hewa tu."

"Pole dada. Ni jino moja au mengi?"

"Yote ya mbele, juu na chini. Yanapokezana."

"Basi ni dawa hiyo. Kunywa paracetamol mbili, usinywe kitu baridi, asubuhi tuwasiliane."

Naanza na swali hilo la idadi kwa makusudi. Meno mengi kupokezana ni kawaida ya peroksaidi. Jino moja tu linalouma, hasa likidunda kama moyo, likiuma unapoling'ata, au fizi yake ikivimba, hilo lina jambo lake: pengine lina tundu ambalo halikuonekana, au ufa. Hilo rudi kliniki kesho yake, usisubiri. Vilevile rudi kama ganzi ya jumla imepita wiki moja bila kupungua. Kama aliyekung'arishia yuko mbali, hospitali za Bugando na Sekou Toure zina huduma ya kinywa na meno.

Kwa ganzi ya kawaida, nunua dawa ya mswaki iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yenye ganzi. Soma nyuma ya boksi: nyingi zina potasiamu naitreti ya asilimia 5, ambayo hutuliza neva ya jino. Itumie kupigia mswaki asubuhi na usiku. Usiku, baada ya kutema, chukua kiasi kidogo kwa kidole safi, pakaa kwenye meno yanayosumbua, ulale nayo bila kusukutua. Dawa hii haifanyi kazi kwa mara moja, kwa hiyo ukijua unakwenda kung'arisha, ianze wiki mbili kabla.

Upepo nao ni adui ambaye watu hawamfikirii. Ukiwa kwenye bodaboda barabara ya kando ya ziwa, au umesimama juu ya kivuko cha Kamanga asubuhi, upepo ukiingia mdomoni utaruka. Funga mdomo, vutia hewa puani, jifunike kwa kitambaa au barakoa siku hizo mbili.

Ukiona ukingo wa fizi umekuwa mweupe na unawasha, jeli iligusa hapo. Kwa kawaida hurudi rangi yake ndani ya siku moja au mbili. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, mara tatu kwa siku, na usipasugue. Ikitokea kidonda kinachochimbika, mwonyeshe daktari.

Hatua ya 4: Mswaki

Piga mswaki siku hiyohiyo usiku. Kuna watu huogopa kugusa meno, wakayaacha na mabaki ya chakula, na ukoga ndio unaoshika rangi kuliko enameli yenyewe. Mswaki uwe laini, umeandikwa hivyo kwenye pakiti. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza. Mswaki ambao nywele zake zimetawanyika baada ya mwezi mmoja unaonyesha kwamba unakandamiza.

Dawa ya meno iwe na floridi, kiwango cha kati ya 1000 na 1500 ppm. Maji ya ziwa tunayoletewa bombani yana floridi kidogo, kwa hiyo kinga yako ya jino dhidi ya kutoboka inatoka kwenye hiyo dawa. Ukimaliza tema tu, usisukutue kwa maji mengi. Zile dawa zilizoandikwa kwamba zinang'arisha, nyingi hufanya kazi kwa chembe za kusugua. Ziache kwa wiki mbili za kwanza.

Umekunywa kitu kichachu? Sukutua kwa maji, subiri nusu saa ndipo upige mswaki. Enameli iliyoguswa na tindikali hulainika kwa muda, na ukiisugua saa hiyo unaiondoa mwenyewe.

Katikati ya meno tumia uzi wa meno. Madoa ya chai huanzia hapo. Mswaki wa mti unaruhusiwa kama umezoea, baada ya wiki ya kwanza, ukiwa mbichi na umetafunwa mpaka ncha yake ikawa laini.

Hatua ya 5: Rangi ikishuka, usiguse mkaa

Siku ya sita au ya saba utatazama kioo na kuona weupe umepungua. Nimeshaeleza sababu. Hapa naongeza yale ambayo utashauriwa na jirani, na kwa nini uyakatae.

Mkaa uliosagwa husugua kama msasa. Unaondoa doa la juu, ndiyo, na ndiyo maana watu wanaamini. Wiki ya kwanza meno yanaonekana safi. Kisha unaendelea kuondoa enameli, na enameli haioti tena. Chini yake kuna dentini ambayo asili yake ni ya manjano. Mtu anasugua zaidi ili aondoe manjano ambayo yeye mwenyewe ndiye anayeyafunua. Nikikaa na mgonjwa wa namna hii namwambia apitishe ukucha taratibu kwenye jino, pale linapokutana na fizi. Ukucha unazama kwenye mfereji mdogo. Hapo huwa ananyamaza, kwa sababu ameuhisi mwenyewe, na mfereji huo sasa unahitaji kuzibwa.

Majivu, chumvi ya mawe na mchanga laini vina hadithi ileile. Ndimu ni tindikali tupu. Ndimu ukiichanganya na magadi inatoa povu linalofurahisha macho, lakini jino limeshaguswa na tindikali na sasa unalisugua kwa chembe. Jeli zinazouzwa mitandaoni na saluni bila maandishi ya nguvu yake sizikubali: Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2012 umezuia bidhaa zenye haidrojeni peroksaidi inayozidi asilimia 0.1 kuuzwa moja kwa moja kwa mtumiaji, na zile za hadi asilimia 6 lazima zianzie kwa daktari wa meno na zisitumike kwa walio chini ya miaka 18. Wana sababu. Dawa hiyo ikiingia kwenye jino lenye tundu, inachoma neva.

Hatua ya 6: Kurudi kwenye chai bila kupoteza ulichokilipia

Sitakuambia uache chai. Baada ya siku ya pili rudi taratibu, na kwa wiki mbili zile chagua chai ya maziwa badala ya chai ya rangi. Protini ya maziwa inayoitwa kasini hushikana na tanini za majani ya chai, na tanini zilizoshikwa haziwezi kung'ang'ania jino kirahisi. Ni badiliko dogo na linafanya kazi.

Kinachoharibu zaidi ni kunywa kidogokidogo siku nzima. Muuza duka anayeweka chupa ya chai kaunta na kugida kila nusu saa ataona madoa mapema kuliko anayekunywa vikombe viwili kwa mpigo mmoja wakati wa chakula. Kunywa, maliza, sukutua kwa maji. Soda na juisi tumia mrija, usukume nyuma ya meno ya mbele.

Mambo mawili ya duka la dawa: dawa ya kusukutulia yenye klorheksidini huacha madoa ya kahawia ikitumiwa wiki kadhaa, kwa hiyo isiwe ya kila siku bila maelekezo. Dawa ya maji ya kuongeza damu yenye madini ya chuma nayo huacha weusi. Inywe kwa mrija na usukutue.

Hatua ya 7: Meno yaliyozibwa, na waliokulia kwenye maji ya visima

Kilichotengenezwa na mwanadamu haking'arishwi na jeli: kizibo, kofia ya jino, jino bandia. Kama kizibo chako cha mbele sasa kinaonekana cheusi kuliko jino, kibadilishwe, ila baada ya wiki mbili. Mabaki ya oksijeni ndani ya jino hudhoofisha gundi ya kizibo kipya kikiwekwa mapema, na pia rangi ya kulinganishia bado haijatulia.

Kwa waliokulia Shinyanga, Simiyu au Singida kwenye maji ya visima yenye floridi nyingi kupita kiasi, iliyoacha mabaka kwenye meno, mabaka meupe yanaweza kuonekana zaidi siku za kwanza, kwa sababu jino limekauka. Inaogopesha, na kwa kiasi kikubwa hupungua jino likilowa tena. Mabaka ya kahawia yaliyobaki yana tiba zake za kitaalamu, mwulize daktari. Kuongeza jeli usiku kwa usiku hakuyaondoi.

Hatua ya 8: Kalenda ya harusi, na kurudia

Maharusi, tafadhali msije siku moja kabla ya sendoff. Siku ya sherehe utakuwa na ganzi, mbele yako kuna pilau, na soda ya kulishana iko kwenye barafu. Njoo wiki tatu kabla. Wiki ya kwanza ni ya ganzi, ya pili rangi inatulia, ya tatu unapumzika. Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri mpaka baadaye.

Weupe hudumu kuanzia miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi, kutegemea chai, sigara na usafi. Safisha ugaga, yaani ukoga uliogandamana, kliniki kila miezi sita. Mara nyingi mtu anayedhani rangi imerudi, ni ugaga na madoa ya juu tu, na usafishaji wa kawaida unamtosha. Kama rangi kweli imeshuka kwa kipimo ulichoandikiwa, usiku mmoja hadi minne wa jeli laini kwenye trei uliyotengenezewa hutosha, na usirudie ndani ya miezi sita bila kuonana na daktari. Trei ioshe kwa maji yasiyo ya moto, maana moto huipinda. Jeli iweke kwenye friji, na itoe nje nusu saa kabla ya kuitumia ili isigonge meno ikiwa ya baridi.